Mbwa Kali, Hakuna Wanyama

Katika lango moja la chuma mtaani Langa Langa, jijini Nakuru, pametundikwa vibao viwili. Cha juu kimeandikwa MBWA KALI. Cha chini kimeandikwa HAKUNA WANYAMA. Mwanafunzi wa Kiswahili akisimama mbele ya lango hilo hukereka mara mbili. Kwanza, hukerwa na upatanisho wa kisarufi, maana mbwa husemwa kuwa mkali, wala hasemwi "kali" kana kwamba ni jua au dawa. Pili, hukerwa na mantiki. Iwapo hakuna wanyama, huyo mbwa ni nani?

Mpenzi msomaji, nilisimama mbele ya lango hilo mwanzoni mwa muhula uliopita, kapu mkononi. Ndani ya kapu mlikuwamo paka wangu mweusi aitwaye Chausiku. Ploti niliyokuwa nikiishi tangu mwaka wa kwanza ilikuwa imeuzwa, na mmiliki mpya alitupa notisi ya mwezi mmoja ili aibomoe na kuijenga upya. Nilidhani mwezi ungetosha kupata chumba kingine. Loo! Nilipiga hodi katika malango tisa, kuanzia Free Area hadi Shabab, kutoka Section 58 hadi Kiamunyi. Katika mengi ya malango hayo nilikataliwa kabla sijaulizwa jina langu, kazi yangu wala uwezo wangu wa kulipa kodi. Kapu lilikuwa limekwisha kunijibia maswali yote.

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Lakini kwa mpangaji mwenye paka au mbwa, mlango ndio nyumba yenyewe, kwa kuwa haruhusiwi kuuvuka akaone kilichomo ndani. Ni kuhusu mlango huu ndipo nimeishika kalamu leo. Naamini kwamba kibao cha HAKUNA WANYAMA hakiwazuii wanyama hata kidogo. Kinachomzuia ni mpangaji asiye na uwezo, na badala yake tunahitaji jambo moja ambalo wapangaji na wenye nyumba wote wameliogopa kwa muda mrefu, yaani mkataba wa maandishi.

Tuanze na jiji lenyewe. Nakuru si mji mdogo tena. Tarehe 1 Desemba 2021 ulitunukiwa hati ya kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, kabla ya Eldoret kufuata mwaka wa 2024. Aidha, ni jiji ambalo jina na riziki yake vimefungamana na wanyama. Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru imepakana na makazi ya watu, na wageni hutoka ng'ambo kuja kuwatazama heroe, vifaru na twiga. Heroe, ambao wengi wetu huwaita flamingo, wamepewa hata mtaa mzima wa nyumba za kupangisha zilizojengwa na serikali ya mji. Ama kweli dunia haiishi vituko! Katika jiji hili ndege wa ziwani ana mtaa wake, ilhali paka wa mpangaji hana pa kulaza ubavu.

Je, paka na mbwa wamekatazwa kote? La hasha! Nenda Milimani, kwenye nyumba zenye ua na bustani, usikilize jinsi mbwa wanavyoitikiana usiku. Pale hakuna anayeuliza. Mwenye nyumba yake hufuga atakacho, na mpangaji mwenye fedha hupata nyumba ya peke yake iliyozungukwa na ua, akafuga hata mbwa watatu kwa jina la usalama. Nenda pia Kaptembwo au Rhonda, kwenye ploti za vyumba vya mabati, na utawaona paka wakipita mlango hata mlango bila ya kumilikiwa na yeyote, kila jirani akiwarushia kichwa cha omena ili wamfukuzie panya. Marufuku yameota mizizi katikati. Yamo katika majumba ya ghorofa yenye bedsita na vyumba kimoja kimoja vya kulala, ambamo wanafunzi, walimu wapya, wauguzi na makarani wanaanzia maisha.

Chumba nilichokuwa nikikitafuta kilikuwa cha shilingi 6,500 kwa mwezi. Katika malango yale tisa, lilikuwako moja ambalo paka alikubalika bila neno, lakini kodi yake ilikuwa shilingi 15,000, maana ilikuwa nyumba yenye ua. Kwingine niliambiwa kwamba Chausiku angepokewa iwapo ningeongeza shilingi 2,000 kila mwezi. Nilipiga hesabu nikiwa bado nimesimama pale. Shilingi 2,000 kwa miezi kumi na miwili ni shilingi 24,000 kwa mwaka, fedha zisizorudishwa, kwa ajili ya kiumbe mwenye uzito wa kilo tatu ambaye chakula chake ni mabaki yangu. Hiyo haikuwa fidia ya uharibifu. Ilikuwa faini ya kumpenda paka.

Basi mpangaji wa kawaida hubakiwa na njia tatu. Ya kwanza ni kulipa asichokuwa nacho. Ya pili ni kuficha, amwingize mnyama usiku na kumfungia ndani mchana kutwa, moyo ukimdunda kila asikiapo hatua za msimamizi wa ploti. Ya tatu ni kumtupa. Hii ya tatu ndiyo inayonitia uchungu, na naomba niieleze bila ya kupaka rangi.

Mwenzangu mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa na mbwa mdogo aliyemlea tangu akiwa kitoto cha wiki sita. Alitafuta chumba kwa muda mrefu kama nilivyotafuta mimi, akakosa. Siku ya mwisho ya notisi yake alimpakia mbwa huyo kwenye matatu, akashuka naye karibu na soko, akamwekea ugali juu ya karatasi, kisha akaondoka wakati mbwa alipokuwa akila. Alihamia chumba chake kipya jioni hiyo hiyo. Aliniambia kwamba kwa majuma mawili hakuthubutu kupita njia ile ya sokoni, si kwa sababu aliogopa kumkuta mbwa amekufa, bali kwa sababu aliogopa kumkuta yu hai, angali akimngoja. Mimi sikuwa na la kumlaumu. Nilikuwa na kapu langu, na notisi yangu ilikuwa imebakiza siku tisa.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni machozi ya watu walioshiba, na kwamba kuna Wakenya wasio na paa sembuse paka. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Lakini tuutazame upande wa afya ya umma. Mbwa anayetupwa hatoweki. Huingia mtaani, huzaana, hugombania mifupa jaani, na hapati chanjo tena. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa wa kichaa cha mbwa huwaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao barani Asia na Afrika, na kwamba takriban asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutokana na mbwa. Dalili zake zikishajitokeza, ugonjwa huo karibu kila mara huishia kifo. Kenya ilijiwekea mpango wa kitaifa wa kuutokomeza kati ya mwaka wa 2014 na 2030, na nguzo kuu ya mpango huo ni kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Sasa nijibu, ewe msomaji: ni mbwa yupi aliye rahisi kuchanjwa, yule mwenye jina, mwenyewe na kadi ya chanjo, ama yule aliyeachwa sokoni akila ugali juu ya karatasi? Kila kibao kinachomfukuza mbwa wa kwanza humwongezea jirani mbwa wa pili.

Hata hivyo, haki haina upande mmoja. Wenye nyumba wana malalamiko yao, nami niliyasikia kutoka kwa mama mmoja wa Kiamunyi, ambaye lango lake lilikuwa la tisa na la mwisho katika safari yangu. Tofauti na wengine, yeye alinikaribisha kwenye kibaraza, akanipa kiti, kisha akanieleza kisa chake.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi si adui wa paka. Nyumbani kwetu tulilala nao jikoni. Lakini chumba hicho unachokiona kilikuwa na mpangaji aliyefuga sungura sita bafuni. Nilipaka rangi mara mbili na harufu haikutoka. Majirani wawili walihama. Yeye mwenyewe aliondoka usiku, na kodi ya miezi miwili hakulipa. Kibao hicho sikukiandika mimi. Ameniandikia yeye."

Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli kwamba samaki mmoja akioza, wote huoza. Kucha za paka huchana pazia na kukwaruza milango. Mkojo wake ukiingia kwenye saruji isiyo na vigae, harufu hukaa. Mbwa anayefungiwa peke yake hubweka mchana kutwa, na katika jumba lenye kuta nyembamba yuko muuguzi aliyerudi kutoka zamu ya usiku na anahitaji usingizi. Yuko jirani ambaye kifua chake humbana akivuta manyoya. Yuko jirani mwingine ambaye kwa imani yake mate ya mbwa ni najisi, naye anashiriki kamba ya kuanikia nguo pamoja na ngazi. Wote hao hulipa kodi kama mimi. Mpangaji anayedai haki ya kufuga huku akiwapuuza majirani hao hana tofauti na yule wa sungura sita.

Lakini tazama, msomaji, jinsi kisa cha mama yule kilivyojaa makosa ambayo si ya sungura. Hapakuwa na makubaliano yoyote kuhusu idadi. Hapakuwa na amana ya kutosha kulipia rangi. Hapakuwa na mahali pa jirani kupeleka malalamiko kabla ya kuhama. Wala kodi ya miezi miwili haikuliwa na sungura. Palipokosekana mkataba, paliwekwa kibao, na kibao hakina macho ya kumtofautisha mpangaji mmoja na mwingine.

Hapa nasi wana wa Kiswahili tuna mchango, kwa sababu sehemu ya mgogoro huu imo katika lugha. Nilipomwambia msimamizi wa lango la kwanza kwamba "nafuga paka", alicheka akaniuliza kama nitaleta na mbuzi. Kitenzi kufuga kina mapana makubwa. Twafuga ng'ombe, kuku, nyuki na samaki. Twafuga pia nywele, ndevu na kucha. Nomino yake, mfugo, humpa msikilizaji picha ya boma, samadi na soko. Hata tabibu wa paka huitwa daktari wa mifugo. Waandishi wa siku hizi hutumia "wanyama vipenzi", nalo ni neno zuri, ila bado halijashuka kutoka vitabuni hadi langoni. Matokeo yake ni kwamba mwenye nyumba anaposema "hakuna wanyama" huwa anawaona sungura sita, na mpangaji anaposema "nina mnyama" huwa anamwona Chausiku akiota jua dirishani. Wote wawili wanatumia neno moja, na hakuna anayemwelewa mwenzake. Dawa ya neno pana ni maelezo: ni mnyama gani, wangapi, wa umri gani, amechanjwa lini, atalala wapi.

Na sheria je? Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na yanayofaa. Ni ahadi kubwa, lakini haimsaidii mtu aliyesimama langoni na kapu. Ile Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296, iliwekewa kikomo cha nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiasi kilichokuwa na maana miongo kadhaa iliyopita. Mpangaji wa chumba cha shilingi 6,500 yuko nje ya mwavuli huo, ananyeshewa.

Suala hili limezikabili nchi nyingine pia, na yafaa tuone zilivyolishughulikia. Nchini Ufaransa, sheria ya tarehe 9 Julai 1970 ilibatilisha kifungu chochote cha mkataba wa kupanga kinachomkataza mpangaji kuwa na mnyama wa nyumbani, mradi mnyama huyo asiharibu nyumba wala asiwasumbue wakaaji wengine, na mbwa wa aina zilizotajwa kuwa hatari wanaweza kukatazwa. Katika jimbo la Ontario nchini Kanada, sheria ya mwaka wa 2006 inafanya vivyo hivyo, lakini mpangaji bado anaweza kuondolewa iwapo mnyama wake ni hatari au ni kero kubwa. Huko England, sheria iliyopitishwa mwaka wa 2025 inampa mpangaji haki ya kuomba ruhusa ya kufuga, na mwenye nyumba hawezi kuikataa bila ya sababu ya maana. Sisemi kwamba tuzinakili sheria hizo kikasuku. Wengi wa wenye nyumba wetu si matajiri wakubwa. Ni wastaafu waliojenga kwa mkopo wa chama cha akiba, na chumba kimoja kikiharibika hupungukiwa na karo ya mjukuu. Ninachojifunza kutoka kwa sheria hizo ni kanuni moja tu: mnyama huhukumiwa kwa tabia yake, si kwa kuwako kwake.

Kanuni hiyo twaweza kuianza sasa bila ya kulisubiri bunge. Jioni ile kibarazani niliomba karatasi, nikaandika kwa Kiswahili sanifu masharti matano. Kwanza, mnyama ni mmoja, paka jike, ambaye ataendelea kuwa mmoja kwa sababu amefungwa kizazi. Pili, kadi yake ya chanjo ataonyeshwa mwenye nyumba kila mwaka. Gharama ya chanjo haifikii kodi ya juma moja. Tatu, atakuwa na beseni lake la mchanga ndani ya chumba, nao mchanga utabadilishwa na kutupwa ndani ya mfuko uliofungwa, wala hatatumia ushoroba wala bustani ya watu. Nne, picha za chumba zitapigwa siku ya kuingia, na nitaweka amana ya ziada ya nusu ya kodi ya mwezi mmoja, mara moja tu, itakayorudishwa siku ya kuondoka iwapo chumba kitakuwa kama kilivyo katika picha. Tano, jirani akilalamika, nitapewa siku thelathini za kurekebisha, na nikishindwa nitahama bila ya ubishi.

Mama yule aliisoma karatasi mara mbili. Kisha akaongeza sharti la sita kwa mkono wake: "Asiingie jikoni kwangu." Tukatia sahihi, yeye nakala yake nami nakala yangu. Amana ya ziada ilikuwa shilingi 3,250. Ilinipasa kuikopa, na niliilipa kwa kufundisha watoto wa jirani hesabu za jioni. Lakini ni fedha ambazo bado ni zangu, tofauti na zile 24,000.

Kwa mwanafunzi mwenzangu aliye njiani kutafuta, nina nasaha chache nilizozinunua kwa jasho. Usimfiche mnyama, kwa maana siri ya paka haikai. Sauti yake itakutoa. Mtafute mwenye nyumba mwenyewe badala ya kuishia kwa wakala au msimamizi, ambao kazi yao ni kulinda kibao na hawana mamlaka ya kukiondoa. Ploti ndogo ambazo mwenyewe anaishi humo ni bora kuliko majumba makubwa, kwa kuwa atakuona na kukujua. Omba barua kutoka kwa mwenye nyumba wako wa awali ikieleza jinsi ulivyoishi. Beba kadi ya chanjo kabla ya kubeba kapu. Na ikiwa bado hujampata mnyama, jiulize kwanza utakuwa wapi baada ya miaka minne. Mnyama si pambo la muhula mmoja.

Kwa wenye nyumba nasema kwa heshima: mpangaji anayekuonyesha kadi ya chanjo ya paka wake amekwisha kukuonyesha jinsi atakavyokitunza chumba chako. Mtu kama huyo hahami ovyo, kwa sababu anajua ugumu wa kupata kwingine. Na kwa serikali za kaunti, ambazo zina maafisa wa nyumba na madaktari wa mifugo, ninaomba kielelezo kimoja cha mkataba, ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ambacho mpangaji na mwenye nyumba wanaweza kukichukua bure na kukitia sahihi.

Nimesharudi kupita lango lile la Langa Langa. Vibao vyote viwili vipo. Mbwa naye yupo, mzee, amelala kivulini, wala si mkali. Chausiku yuko Kiamunyi juu ya dirisha, na juzi mama mwenye nyumba alimwita kwa jina, akamwambia kuwa jikoni mna panya.